Mji uliosafiri kwa bahasha: vidokezo vya kukusanya kadi za posta na stempu za Lubumbashi

Kadi ya posta huzaliwa ili iondoke. Mtu ananunua picha ya mji alipo, anaandika maneno mawili matatu nyuma, anabandika stempu, na picha ile inakwenda kukaa kwenye droo ya shangazi wa mtu mwingine, ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana sisi wa Lubumbashi, tukitaka kuuona mji wetu ulivyokuwa mwaka 1925, mara nyingi tunaukuta Liège au Antwerp kabla ya kuukuta hapa kwetu, mtaani Kamalondo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizirudisha kadi hizo moja moja, pamoja na stempu na bahasha zake, na vijana wanaoziona huniuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Anzia mtoni

Mto Lubumbashi si Lualaba. Hakuna meli iliyowahi kupita humo. Lakini ndio uliotupa jina, na jina hilo lilikaa mtoni na kiwandani miaka mingi kabla ya kupewa mji. Kuanzia mwaka 1910 mji uliitwa Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. "Lubumbashi" lilikuwa jina la mto na la kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière kando yake, ambacho kilitoa shaba yake ya kwanza tarehe 30 Juni 1911. Mji wenyewe ulipewa jina hilo mwaka 1966.

Kwa hiyo ukikutana na kadi ya miaka ya 1920 iliyoandikwa "Usines de Lubumbashi", usidhani muuzaji amekosea au amekuuzia bandia. Hiyo ni kadi ya kiwanda, na kadi za namna hiyo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kubeba jina letu la leo. Mimi ningezitafuta hizo kabla ya makanisa na mahoteli.

Ukishapata nne au tano, zipange kwa miaka. Utaona dohani zikibadilika, na utaiona terili, kilima cha mabaki ya kiwanda, ikiota. Katika picha za mwanzo nyuma ya kiwanda kuna anga tu. Kadiri miaka inavyokwenda kilima cheusi kinapanda, mpaka kinakuwa mlima tunaoujua sote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 terili hiyo imekuwa ikichimbwa tena kwa ajili ya kobalti, kwa hiyo hata picha uliyopiga wewe juzi ina nafasi yake mwishoni mwa mstari huo.

2. Jifunze majina yote ya mji, na ujue wanaolitumia jina lako

Ukitafuta kwenye intaneti kwa neno "Lubumbashi" peke yake, utapata kadi za baada ya 1966 na chache za kiwanda. Andika pia Elisabethville bila alama juu ya herufi, halafu Élisabethville yenye alama, halafu E'ville, halafu Elisabethstad kama walivyoandika Wafleming. Ongeza Katanga, U.M.H.K. (yaani Union Minière), Étoile du Congo, ambao ndio mgodi tunaouita Kalukuluku. Wauzaji wengi hawajui wanauza nini, na kadi nzuri hulala chini ya jina lililoandikwa vibaya.

Sasa angalia mitego. Duniani kulikuwa na Élisabethville zaidi ya moja, na zote zilipata jina kwa malkia yuleyule.

Iliyo hatari zaidi kwa pochi yako iko Ufaransa, Aubergenville, magharibi ya Paris, kando ya mto Seine. Kule palijengwa mji wa mapumziko wenye ufuo wa kuogelea na kanisa la Mtakatifu Theresia lililochorwa na mbunifu Paul Tournon. Kadi zake ni nyingi sana sokoni. Ukiona watu wamevaa nguo za kuogelea mbele ya mto mpana, na chini pameandikwa Elisabethville, usifurahi mapema: si kwetu.

Ya pili ilikuwa Birtley, kaskazini mwa Uingereza. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia maelfu ya Wabelgiji waliwekwa huko kutengeneza mabomu, na kijiji chao kikaitwa Elisabethville. Baada ya vita walirudi kwao.

Ya tatu si mji. Ni meli. Kampuni ya meli ya Ubelgiji iliyohudumia Kongo ilikuwa na meli iliyoitwa Elisabethville, ikazamishwa na nyambizi ya Kijerumani mwaka 1917, kisha ikatengenezwa nyingine yenye jina hilohilo. Hiyo ya meli siikatai. Ni meli zile zilizobeba barua za watu wetu kati ya Antwerp na Matadi, kwa hiyo kadi yake ikiwa na bei ya haki, nunua. Ila ijue kuwa ni meli.

3. Geuza kadi kabla ya kuisifu

Mgeni huangalia picha. Mkusanyaji huangalia nyuma kwanza, maana huko ndiko tarehe inakojificha.

Mji ulianza 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilipofika. Wakati huo kadi nyingi duniani zilikuwa tayari zimegawanywa kwa mstari upande wa nyuma: kulia anwani, kushoto ujumbe. Uingereza iliruhusu hivyo 1902, Ufaransa 1904. Basi kadi ambayo nyuma yake haikugawanywa, na inadai kuwa ni ya Élisabethville, ichunguze mara mbili. Na usishangae ukikuta ujumbe wa Kiingereza kwenye kadi za mwanzo. Reli ilitoka kwa Waingereza, na mji ule mchanga ulijaa watu waliofika nayo.

Kisha soma stempu. Kuanzia mwaka 1910 stempu za koloni ziliandikwa kwa lugha mbili, "Congo belge" na "Belgisch-Congo". Ukiona bei kwa makuta, umevuka mwaka 1967, fedha ya zaïre ilipoanza. Ukiona "République du Zaïre", umevuka Oktoba 1971. Stempu zenye bei mpya iliyogongwa juu ya bei ya zamani, kwa tarakimu zinazozidi kunenepa, ni za miaka ya 1990. Wazazi wetu watakueleza fedha ile ilivyokuwa ikioza mkononi. Kuanzia 1997 neno Congo linarudi.

Jimbo nalo linasaidia. Anwani yenye "Shaba" ni ya enzi za Mobutu, kabla ya 1997. "Haut-Katanga" ni ya tangu 2015. Mtu akiwa na anwani, stempu na muhuri, anaweza kuweka kadi isiyo na tarehe ndani ya miaka mitano bila kumuuliza mtaalamu.

Tazama pia ukingoni, kwenye herufi ndogo ndogo. Utaona mara kwa mara jina Nels, au Ern. Thill, Bruxelles. Maana yake picha ilipigwa hapa, ikapelekwa Ubelgiji kuchapwa, kadi ikarudi kuuzwa hapa, mtu akaiandikia na kuirudisha Ubelgiji. Safari tatu. Wewe ukiileta Lubumbashi, unaifanyia ya nne.

4. Bahasha nzima ni bora kuliko stempu safi

Nilipoanza, nilipewa bahasha ya mwaka 1962 iliyotoka Élisabethville. Nikaiweka kwenye bakuli la maji, kama tulivyofundishwa utotoni, nikapata stempu tatu safi kabisa. Wino wa anwani ukaenda na maji. Muhuri ukakatika vipande. Sijui tena barua ile ilikwenda kwa nani, ilipita mji gani, ilichukua siku ngapi. Stempu tatu zile ningeweza kuzipata popote. Bahasha ile ilikuwa moja tu duniani, na mimi ndiye niliyeimaliza.

Usiloweke. Hata kama bahasha imechakaa, hata kama imeliwa kona na mende. Kama ni kipande cha karatasi kilichokatwa zamani na mtu mwingine, na stempu ni ya kawaida ya miaka ya karibuni, hapo maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa.

5. Jua kadi zilizozaliwa na stempu

Kuanzia mwaka 1912 posta ya Kongo ya Kibelgiji iliuza kadi ambazo stempu yake imechapwa moja kwa moja juu ya karatasi, pamoja na picha ya mahali fulani nchini. Wakusanyaji wa Kifaransa huziita entiers postaux. Picha zake ni mfululizo wenye namba, na Katanga imo: migodi, reli, mji wetu ukiwa bado na vumbi la ujenzi.

Kwa anayeanza, hizi ni shule nzuri. Namba inakuambia unachokosa, na raha ya kukusanya iko katika kukosa kuliko katika kupata. Zaidi ya hayo, kadi hizi zilikuwa bidhaa ya serikali. Picha zake zinakuonyesha koloni ilitaka dunia ione nini: daraja jipya, bohari, mtambo. Ziangalie kwa jicho hilo.

6. Katanga ya 1960 hadi 1963: nunua polepole

Hapa ndipo wakusanyaji wa dunia nzima wanapotujua, na hapa ndipo wengi wanapoungua.

Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru. Dola hiyo haikuwa na stempu zake. Ikachukua zilizokuwa zimebaki kwenye posta, zile za Kongo ya Kibelgiji zenye vinyago, maua na wanyama, ikazigonga neno KATANGA. Hata stempu za uhuru, zenye ramani ya Kongo nzima, ziligongwa juu yake maneno ya Kifaransa yanayotaja 11 Julai na dola ya Katanga. Shika moja mkononi uitazame. Ramani ni ya nchi moja, maandishi yaliyo juu yake yanaikata. Sijui kitabu kinachoeleza kiangazi kile kwa ufupi kuliko kipande hicho cha karatasi.

Mwaka 1961 zikaja stempu zilizochorwa mahsusi: sanaa ya uchongaji wa Katanga, shirika la ndege la Air Katanga, sura ya Tshombe mwenyewe, na zile za maonyesho ya kimataifa ya biashara ya Élisabethville. Hizi za mwisho ndizo ninazozipenda kuliko zote kwa mkusanyaji wa mji, kwa sababu sherehe yenyewe ilikuwa ya mji.

Sasa ushauri. Hakuna nchi iliyoitambua Katanga, wala Umoja wa Posta Duniani haukuitambua. Lakini stempu zake ziliuzwa kwa wingi kwa wakusanyaji wa nje, kwa hiyo zile ambazo hazijatumika zipo nyingi na hazistahili bei kubwa. Akikuambia mtu kwamba seti mpya kabisa ya Katanga ni hazina, mshukuru uondoke. Kilicho adimu ni barua ya kweli: mtu wa kweli, anwani ya kweli, imetoka Élisabethville, Jadotville au Kolwezi katika miezi ile, ikafika ilikotumwa.

Neno lililogongwa juu huigwa kwa urahisi. Chukua kioo cha kukuzia, linganisha umbo la herufi na stempu nyingine ya aina ileile, na usome muhuri. Neno KATANGA lenye muhuri wa kabla ya 11 Julai 1960 ni uongo unaojisema wenyewe.

Nina ukurasa mmoja kwenye albamu wenye stempu mbili tu. Moja ni ya Tshombe, ya Katanga, 1961. Nyingine ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Ilichapwa na Umoja wa Kisovyeti mwaka huohuo. Ghana nayo ikamtolea stempu mwaka uliofuata. Ukitaka kuelewa mji wako ulikuwa na uzito gani duniani katika miezi ile, ziweke pamoja.

Na unapozionyesha, onyesha kwa adabu. Kuna nyumba hapa Lubumbashi ambazo jina la Tshombe hupokelewa kama la baba. Kuna nyumba nyingine ambazo wakubwa wake mwaka 1961 walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wakalala kwenye vibanda vya majani na maturubai. Mkusanyaji anaingia nyumba zote mbili.

7. Kumbuka barua za askari wa kigeni

Wasweden, Wairishi, Wahindi, Waethiopia: wote walikuwa hapa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na wote waliandika nyumbani. India ilifika mahali pa kugonga stempu zake maneno ya Kiingereza yanayotaja kikosi chake cha Umoja wa Mataifa Kongo, mwaka 1962. Tafuta bahasha hizo miongoni mwa wauzaji wa nchi hizo, si Ubelgiji. Wengi wao huziweka chini ya "vita" au "jeshi", na hawajui kwamba mji uliotajwa ndani ya barua una watu wanaoutafuta.

8. Watu kwanza, majengo baadaye

Majengo ni rahisi. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, Palais de Justice, Park Hôtel, sinagogi: yote yana kadi, na mengi bado yamesimama, unaweza kwenda na kadi mkononi ukasimama pale mpiga picha aliposimama. Fanya hivyo Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Ni furaha isiyo na gharama.

Ugumu unaanza kwenye kadi za watu. Koloni ilipenda kuuza picha zilizoandikwa "types indigènes", au "boy", au "femme du Katanga". Mzungu kwenye kadi ana jina na cheo. Mtu wetu hana. Mama amepigwa picha kifua wazi, hakuulizwa, na sura yake ikauzwa kwa senti chache mpaka Namur.

Sisemi uzichome. Nina kadi kumi na mbili za namna hiyo, na ninazitunza kwa sababu wale ni watu wetu na hawana makaburi tunayoyajua. Ila nina sheria zangu. Siziweki Facebook. Sirudii maneno yaliyochapwa chini yake. Kwenye karatasi ya pembeni naandika ninachokiona mimi: mama anayetwanga, kinu cha aina gani, kitambaa gani, mahali gani kama panajulikana. Kijana anayebeba trei, siandiki "boy". Naandika "mfanyakazi wa nyumbani, Élisabethville".

Kuna kitabu kidogo kitakachokusaidia kuziona picha hizi kwa jicho la waliokuwamo. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumbani, historia ya mji wa Élisabethville, kwa Kiswahili chetu cha hapahapa. Kilipigwa taipu, hakikuwa na mchapishaji mkubwa, na kinausimulia mji ukiutazama kutoka jikoni na mlango wa nyuma. Baada ya kukisoma, kila kadi ya baraza lenye viti vya mapumziko utaitafuta kona yake, uone nani amesimama pale.

Na mtazame Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa 1978. Katika kazi zake za mwaka 2006 alizoziita Mémoire, alizichukua picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière akaziweka mbele ya magofu ya kiwanda ya leo. Watu wale hawana majina, lakini hawawezi tena kupuuzwa. Mkusanyaji anayeshindwa kujua apange vipi albamu yake ajifunze kwake: cha zamani na cha sasa katika fremu moja.

9. Mvua, vumbi, mchwa

Kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili hewa yetu ina maji. Gundi ya stempu hulainika, stempu zinashikana, na madoa ya rangi ya chai yanaanza kujitokeza kwenye kadi. Basi:

Usiweke albamu sakafuni wala ikigusa ukuta wa nje. Rafu ya ndani, juu kidogo, ikiwa imesimama wima kama kitabu.

Usitumie mifuko ya plastiki laini inayonuka. Hiyo harufu ndiyo sumu inayokula rangi. Bahasha za karatasi nyeupe zisizo na asidi zinafaa zaidi, na kama hazipatikani, karatasi safi ya kawaida unayoibadilisha kila mwaka.

Solotepu, kamwe. Wala gundi, wala pini, wala stepla.

Shika stempu kwa kibano, kadi kwa kingo. Andika kwa penseli laini, tena kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye kadi.

Kiangazi, Juni na Julai, kukiwa na baridi kavu, fungua kila kitu, kipe hewa kivulini siku nzima. Mama yangu alifanya hivyo na nguo za sanduku. Mimi nafanya na Élisabethville.

Na piga picha ya kila kadi, mbele na nyuma, mapema kabla hujazoea kuahirisha.

10. Unanunuaje bila kufilisika

Tovuti ya Delcampe, iliyoanzishwa na Wabelgiji, ndilo soko kubwa la kadi hizi. Ukiwa na ndugu Bulaya, mwombe anunue na azikusanye kwake mpaka mtu atakaposafiri. Gharama ya kutuma kadi moja moja itakumaliza. Ukiwa na ndugu Bruxelles, mwombe pia apite soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, asubuhi na mapema. Masanduku ya viatu ya familia zilizowahi kuishi Kongo huishia pale, wazee wao wakishafariki. Mwambie anunue sanduku zima kama bei inaruhusu, asichague. Barua zikitenganishwa na kadi zake, hazijuani tena.

Hapa nyumbani, waulize wauza vitabu vya zamani mjini, na waulize wastaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines na wa reli kabla hawajahama nyumba. Kuhama ndiko kunakoua karatasi.

Ukipata picha nyingi za kundi moja, za kiwanda kimoja au familia moja, usizikalie peke yako. Watu wa Mémoires de Lubumbashi, mradi wa Chuo Kikuu chetu ambao mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa nguzo zake, wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huu kwa miaka mingi. Wape nakala. Kadi inabaki yako.

11. Tengeneza kadi ya leo

Mkusanyaji wa mwaka 2080 atatafuta nini chetu? Picha milioni za simu zitakuwa zimepotea na simu zake. Chukua moja, ile ya soko la mtaa wetu wa Kenya saa kumi na moja jioni au ya watoto wanaoshuka mtoni, ichape kwenye karatasi ngumu, uandike nyuma mahali, siku na jina la kila anayeonekana. Mpe mtu anayesafiri aipeleke kwa rafiki yako. Jina la kila anayeonekana, nasema tena. Hilo ndilo waliotutangulia na kamera hawakulifanya.

12. Wapelekee wazee

Mwaka jana nilipeleka kadi ya stesheni ya reli, nadhani ni ya miaka ya 1940, kwa mzee mmoja mstaafu wa reli anayeishi Kamalondo, ambako zamani kuliitwa commune Albert. Nilimkuta kibarazani. Akafuta miwani kwa shati lake, akaishika kadi kwa mikono miwili.

"Papa, hii ni gare yetu?"

"Ni yenyewe, mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Lakini picha wameipiga upande wa Wazungu. Sisi hatukupita hapo."

"Mlipita wapi, Papa?"

Akaiweka kadi juu ya meza ndogo, akapeleka kidole ukingoni, akauvuka ukingo, akakigusisha mbao ya meza, kama inchi nne hivi kutoka kwenye picha. "Hapa. Kulikuwa na mlango wa mbao, na mwembe. Chini ya mwembe mama zetu waliuza mihogo ya kuchoma. Treni ikitoka Sakania, harufu ile ndiyo ilikuambia umefika."

Nilichukua karatasi yenye ukubwa wa kadi, nikamwomba achore. Alikataa kwanza, akasema mkono unatetemeka. Kisha akachora mlango, mwembe, na duara tatu za mama watatu waliokaa, na juu ya kila duara akaandika jina. Karatasi hiyo iko kwenye albamu yangu, kulia kwa kadi ya stesheni, na nimeziacha zigusane.